Dk. Abla Dzigbodi Agbemafle, Aliyewajua Mbu kwa Koo Zao (1959–2023)

Jioni ile mwili wake ulipopelekwa mochwari, mbu alitua kwenye ukuta wa sebule ya nyumba yake hapa Amuzukope, na mkwe mmoja akamponda kwa kiganja. Sebule nzima ikanyamaza. Watu walioketi kwa majonzi wakageuza shingo kuelekea mlango wa jikoni, wakangoja. Kwa miaka mingi, yeyote aliyethubutu kuponda mbu katika nyumba yake yoyote alisikia sauti ikitokea jikoni: huyo mbu alikaaje ukutani, alilala sambamba au aliinua makalio? Alikuwa ameshiba au mtupu? Na wewe, mkono huo ulishindwa kuchukua glasi ukamfunika? Jioni ile sauti haikuja. Mkwe akabaki amekishika kiganja chake kwa mkono wa pili, kama mtu aliyeungua. Kimya hicho bado tunacho, na ndicho kilichotukusanya leo.

Marehemu Dk. Abla Dzigbodi Agbemafle alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Julai 1959, hapa Amuzukope, katika ukanda huu wa mchanga ulio kati ya bahari na wangwa wa Keta, ziwa letu la maji ya chumvi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kosi Agbemafle, dereva wa lori, na Bi. Aku Seshie, mkulima wa vitunguu. Jina la Abla, la wasichana wa Jumanne, alipewa na siku yenyewe. La Dzigbodi, yaani subira, aliongezewa na bibi yake, kwa sababu uchungu ulianza Jumapili na mtoto akatoka Jumanne. Bibi alisema huyu hakutaka kutoka mpaka ajue kwanza huku nje kuna nani.

Alikua kama watoto wote wa matuta ya vitunguu. Kabla ya shule aliteka maji kwenye visima vya mama yake, akabeba ndoo mbili za kunyunyizia, moja kila mkono, akapita katikati ya vitunguu bila kukanyaga hata jani. Alijivunia jambo hilo hadi uzeeni, na wageni waliokanyaga jani walijua wamekosea kabla hawajaambiwa.

Alikuwa na miaka tisa mdogo wake, Komla, alipofariki kwa homa. Kwenye msiba alisikia watu wazima wakisema mtoto ameuawa na mbu. Siku ya pili yake alizunguka nyumba na kandambili mkononi, akiua kila mbu aliyemwona, huku analia, mpaka shangazi yake, Bi. Dzatugbi, akamshika mkono na kumwambia, "Basi, mama. Wengine hapo unawaonea tu. Hawana kosa." Shangazi alisema hivyo ili kumtuliza. Mtoto aliyachukua maneno yale jinsi yalivyo, akayaweka, na inawezekana maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa njia ndefu ya kuuliza: kama wengine hawana kosa, basi ni nani mwenye kosa?

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1965, kisha sekondari mjini Keta hadi alipomaliza kidato cha juu mwaka 1979. Mwaka huohuo alijiunga na chuo kikuu Legon kusoma elimu ya wanyama. Mzee Kosi aliwaambia madereva wenzake kwamba binti yake anasomea simba. Alipopata kujua ni wadudu, aliosha lori lake zima, halafu akasema kwamba hata hivyo simba huku kwetu hawapo, na wadudu wapo. Mwaka 1983, vyuo vilipofungwa na nchi nzima ikawa na njaa, Abla alirudi nyumbani akamwagilia matuta pamoja na mama yake kama vile hajawahi kuondoka. Alihitimu mwaka uliofuata. Kuanzia 1985 hadi 1987 alikuwa Bobo-Dioulasso, nchini Burkina Faso, ambako alijifunza kuwatambua mbu kwa kromosomu zao. Alirudi na Kifaransa cha kununulia nyama sokoni na cha kugombania, na kilimtosha.

Inafaa hapa kueleza kazi hiyo ilikuwa nini, kwa sababu wengi tuliishi naye bila kuielewa. Mbu wanaoeneza malaria katika nchi zetu wana ndugu wanaofanana nao kabisa. Hata ukiwaweka chini ya hadubini huwezi kuwatenganisha. Lakini mmoja anazaa kwenye maji matamu na mwingine kwenye maji ya chumvi. Mmoja anapenda damu ya mtu na mwingine anatosheka na ng'ombe. Mmoja akishiba anapumzika ukutani, ambako dawa iliyopulizwa itamkuta, na mwingine akishiba anatoka nje na kwenda zake. Ukimpiga vita usiyemjua, unapoteza dawa, na watoto wanaendelea kuugua. Zamani, ili kuwatenganisha, ilibidi kumpata jike mwenye mayai yaliyokomaa nusu, kumpasua na kusoma michirizi ya kromosomu zake, jambo ambalo wachache walilimudu. Kisha zikaja alama za vinasaba. Kila ukoo wa mbu una maandishi yake ndani ya chembechembe za mwili, na maandishi hayo yakinakiliwa mara nyingi kwenye mashine, yanaonekana kama mstari, kila ukoo na mstari wake mahali pake. Kwa kazi hiyo mguu mmoja wa mbu unatosha. Mwili uliobaki unahifadhiwa. Wanafunzi wake walimwita Mama Mguu Mmoja, naye alijua na hakuwahi kukataza.

Mume wake alimpata kwa mbu vilevile. Mwaka 1985, kabla hajasafiri, alikuwa akitafuta watu wa kujitolea kukaa uwanjani jioni, suruali zimekunjwa hadi magotini, ili mbu wanaokuja kuuma wakamatwe. Mwalimu Kwami Dotse, aliyefundisha muziki mjini Keta na kupiga kinanda kanisani, alijitolea. Amekuwa akisimulia tangu hapo kwamba alikaa jioni kadhaa mbele ya msichana mzuri kuliko wote wa ukanda huu, na msichana hakuwahi kumtazama juu ya goti. Siku ya kubisha hodi kwa ajili ya posa, shangazi yake Mwalimu aliona bomba la mpira likichungulia kwenye mkoba wa binti, akauliza ni nini. Abla alilitoa, akatia mdomo upande mmoja, akamfyonza mbu aliyekuwa kwenye pazia la dirisha, na kumwonyesha shangazi mbu akiwa hai ndani ya bomba, nyuma ya kitambaa cha kumzuia.

"Kwami," shangazi akasema, "huyu umemchunguza? Huyu atakupikia nini huyu?"

"Shangazi, mimi nimeshaliwa," akajibu Mwalimu. "Wewe toa tu vinywaji vya posa."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1987, kanisani Keta, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Aliajiriwa mwaka 1988 katika taasisi ya utafiti jijini Accra, akapata shahada ya uzamivu Legon mwaka 1996, na mwaka 1999 akawa mkuu wa maabara ya vinasaba vya mbu. Angeweza kuendelea hivyo hadi astaafu, na wasifu huu ungekuwa mfupi. Lakini kulikuja mwaka 2001, na familia inaona si haki kuupita kwa sentensi moja.

Mwaka huo kijiji hiki kiliugua vibaya. Nyumba zilikuwa zimepulizwa dawa mara mbili, na bado akina mama walipanga foleni zahanati na watoto migongoni. Kamati moja ya afya ilikaa na kuamua kwamba kosa ni la visima. Kila mtu hapa anajua visima vyetu: vifupi, vya mchanga, viko wazi, vimetapakaa katikati ya matuta, na bila hivyo hakuna kitunguu. Kamati ilitaka vyote vifukiwe. Wataalamu wakaombwa wathibitishe kwamba mbu wanaoingia nyumbani ni wale wa maji matamu, na kazi ikapelekwa kwenye maabara ya Dk. Abla. Aliwaambia wakubwa wake mapema kwamba mama yake analima palepale. Wakamwambia asimamie tu, hakuna mwingine anayejua kazi hiyo kama yeye.

Mbu walikusanywa katika vyumba vya kulala vya Amuzukope nzima. Matokeo yalitoka safi: karibu wote ni wa maji matamu. Mkurugenzi alifurahi, akaipelekea kamati barua, na kamati ikatangaza kwamba visima vitafukiwa mara tu vitunguu vilivyokuwa ardhini vikishang'olewa. Hapa kijijini ilikuwa kama tangazo la msiba. Wanawake waliendelea kumwagilia, lakini bila kuimba.

Sasa, katika kila kazi ya namna ile, pamoja na tyubu zenye miguu ya mbu, huwekwa tyubu moja isiyo na mbu, yenye maji na dawa peke yake. Dk. Abla aliiita shahidi. Shahidi hapaswi kuonyesha mstari wowote, kwa kuwa ndani yake hamna kitu. Siku chache baada ya barua kwenda, aliirudia ile picha ya matokeo, akaona shahidi ana mstari. Mwembamba, hafifu, wa mbu wa maji matamu. Maana yake ilikuwa moja tu: uchafu wa mbu wa maji matamu, labda kwa kibanio kisichofutwa vizuri, labda kwa maji yenyewe, ulikuwa umeingia kwenye tyubu zote. Hata mbu wa chumvi angesomeka kama wa maji matamu.

Aliipeleka picha kwa mkurugenzi. Mazungumzo yao alimsimulia mumewe jioni hiyohiyo, na Mwalimu hajayasahau.

"Abla, huo mstari hata kwa miwani siuoni."

"Mimi nauona bila miwani, mzee."

"Na wewe si mtoto wa kule? Mama yako si ana visima? Unajua watu watasema nini?"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe kwanza."

"Kwa hiyo nikaiambie kamati kwamba maabara yangu ni chafu."

"Hapana. Nitawaambia mimi kwamba ni yangu."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Akinyamaza, kijiji chake kinapoteza visima kwa kosa lililotendeka mezani pake. Akisema, nani atamwamini? Mtoto wa mkulima wa vitunguu anafuta matokeo yanayomuumiza mkulima wa vitunguu. Alikuwa amejenga jina lake kwa miaka kumi na mitatu, na jina hilo ndilo lililokuwa likiwekwa mezani pamoja na visima.

Alikwenda mbele ya kamati, akasimama, akasema matokeo yaliyotoka yalikuwa na uchafu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa msimamizi, na kwamba anayafuta. Mjumbe mmoja alimuuliza kama ametumwa na ukoo. Akasema hapana, ukoo wenyewe bado haujui kama amekuja. Akaomba kazi irudiwe, na akaweka sharti ambalo hakuna aliyelitegemea: isirudiwe na yeye. Kwa kuwa mbu wote walikuwa wamehifadhiwa, kila mmoja na tyubu yake na miguu yake iliyobaki, aliwapa namba bila majina ya vyumba wala kijiji, akawapeleka kwa wenzake wa zamani Bobo-Dioulasso. Kule hawakujua mbu ametoka wapi, wala nani anataka jibu gani.

Kabla majibu hayajarudi, alikuja kueleza hapa, uwanjani, mbele ya Togbui, chifu wetu, na wazee wote. Hapakuwa na furaha. Watu walikuwa wameshachoka kuambiwa. Mzee Kpodo Ahiave, mvuvi wa wangwa, ambaye Mungu amrehemu naye pia, alisimama akamuuliza maswali kwa niaba ya wengi.

"Binti yetu, mbu mzima ukimweka kwenye ukucha wangu hajai. Wewe umechukua mguu. Mmoja. Halafu unaniambia umejua ukoo wake?"

"Ndiyo, mzee."

"Mguu wa mbu."

"Mzee, kaka yako Yao alipofia Abidjan kwenye uvuvi, walikuletea nini?"

Hakuna mtu wa hapa asiyejua. Mtu wetu akifia mbali na mwili ukashindwa kurudi, nywele na kucha zake hukatwa, zikafungwa kwenye kitambaa cheupe, zikaletwa nyumbani, na hizo ndizo zinazozikwa, kwa jeneza, kwa ngoma, kwa kila kitu.

"Nywele na kucha," mzee akasema.

"Mkazika nani?"

"Yao."

"Mlisema mnazika kucha?"

"Tulimzika Yao."

"Basi mguu wa mbu ndiyo hivyo hivyo. Kidogo kinachotoka mwilini kina mtu mzima ndani yake. Na mbu naye, kidogo chake kina mbu mzima, na mama yake, na bibi yake."

Mzee Kpodo alifikiri, akatikisa kichwa, akasema kwamba Yao walikuwa wanamjua, lakini huyo mbu hajawahi hata kumsalimia.

"Amekusalimia kila jioni, mzee," Dk. Abla akasema. "Wewe tu ndiye huitikii."

Watu walicheka, hata Togbui. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena kama mguu unatosha. Wataalamu wengi walitumia karatasi na picha kuwaeleza watu vinasaba. Yeye aliwaeleza kwa kitu ambacho walikuwa wakikiamini kabla yeye hajazaliwa, na hakukidharau hata kidogo alipokuwa akikitumia.

Majibu ya Bobo yalifika mwezi wa Oktoba. Theluthi mbili ya mbu waliokuwa vyumbani walikuwa wa maji ya chumvi, wa wangwa, wale wanaozaliwa kwenye vidimbwi vinavyobaki maji yanapopungua. Theluthi moja walikuwa wa maji matamu. Na katika theluthi hiyo walikuwamo waliobeba vimelea vya malaria.

Kijiji kilitaka kusikia sehemu ya kwanza tu. Jioni aliyofika na majibu, alimkuta mama yake jikoni akisonga akple, ugali wetu wa mahindi. Alimweleza yote. Bi. Aku aliendelea kusonga, halafu akasema bila kugeuka:

"Abla, mwanangu. Hiyo theluthi moja si ungeiacha tu hukohuko Accra?"

"Mama, nikiiacha hiyo, zile mbili hawataziamini."

"Wataziamini. Wewe ni daktari."

"Juzi nilikuwa daktari vilevile, mama, na nilikuwa nimekosea."

Bi. Aku aliacha kusonga. Alimpakulia, akampa samaki mkubwa kuliko wa wote, na hakula naye.

Dk. Abla alisema yote mawili, mbele ya kamati na mbele ya kijiji, kwa mpangilio uleule na sauti ileile. Na kwa kuwa hakuificha sehemu iliyowaumiza watu wake, kamati ilikosa pa kumshika. Visima havikufukiwa. Palipatikana makubaliano: visima vitano vilivyo karibu kabisa na nyumba vifungwe, na vingine vyote vikombwe maji na kufagiliwa kuta kila mkesha wa soko. Soko letu linarudi kila baada ya siku nne, na kiluwiluwi cha mbu kinahitaji zaidi ya hizo kuwa mbu, kwa hiyo hakuna kitakachokuwa na muda wa kuota mabawa. Vidimbwi vya wangwa navyo vikachimbiwa mifereji. Katika visima vile vitano, viwili vilikuwa vya Bi. Aku Seshie. Karai la kwanza la mchanga alilimwaga yeye mwenyewe, mbele ya watu. Kisha hakumsemesha binti yake hadi vitunguu vya msimu uliofuata vilipong'olewa. Siku ya kuving'oa alimpigia kwa simu ya kijiji, akamwambia maneno mawili: njoo ule.

Taasisi nayo haikumsamehe haraka. Januari 2002 aliondolewa ukuu wa maabara, akarudishwa kwenye meza ya kawaida kama fundi wa mwaka wa kwanza. Alikaa pale miaka minne. Mwalimu Dotse anasema katika miaka hiyo minne alimsikia akilalamika kuhusu joto, umeme, na bei ya mafuta ya mawese, na hakumsikia akilalamika kuhusu hilo. Mwaka 2006, chini ya uongozi mwingine, alirudishiwa nafasi yake. Miaka iliyofuata alifundisha vijana kutoka Cotonou, Banjul, Freetown na kwingineko, na kila mmoja wao alifundishwa kwanza kuandaa shahidi, kabla hajaruhusiwa kumshika mbu. Mmoja wao, ambaye sasa anaongoza maabara kwao Benin, ameandika kwamba alipokuwa mwanafunzi, shahidi wake alionyesha mstari mara tatu mfululizo, akalia. Dk. Abla alimletea chai, akakaa pembeni yake na kusema, "Huyo hajakutukana. Amekwambia kweli bure. Kunywa, turudie."

Tunajivuna kwa shahada zake, na kwa makala zake, ambazo wengi wetu hatuwezi kuzisoma. Tunajivuna zaidi kwa ile siku aliposimama mbele ya kamati akiwa hana chochote mkononi isipokuwa mstari hafifu ambao wengine walisema hawauoni. Watu huona fahari mtu wao anapokuwa sahihi. Sisi tuliopata bahati ya kuishi naye tumejua fahari nyingine, iliyo adimu, ya kuwa na mtu aliyekosea hadharani na akabaki mrefu kuliko alivyokuwa.

Alistaafu Julai 2019 alipotimiza miaka sitini, akarudi Amuzukope, akajenga nyumba yake na kulima matuta manne ya vitunguu, vibaya. Mikono ilikuwa imesahau. Majirani walimtania kwamba anavihesabia vitunguu miguu badala ya kuvinyunyizia maji. Aliimba sauti ya pili katika kwaya, alichelewa kila mazoezi, na alikataa kabisa kuwa mwenyekiti wa chochote.

Mwanzoni mwa 2021 alianza kuvimba miguu. Madaktari wakaona kwamba figo zake zimechoka. Kwa miaka miwili alisafiri kwenda Accra kusafishwa damu, Mwalimu akiwa pembeni yake na kikapu cha chakula. Hakuwa mgonjwa mpole. Aliwauliza wauguzi maswali mpaka wakaanza kumwuliza yeye. Hata hivyo kila aliyemhudumia aliitwa kwa jina lake, na jina la mtoto wake, na mwaka jana Krismasi alipeleka wodini magunia mawili ya vitunguu, vya majirani, kwa kuwa vyake vilikataa. Mwezi wa Februari mwaka huu alisema amechoka na barabara. Familia ilimsihi, naye akaisikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba amewasikia. Alirudi nyumbani. Alilala kitandani kwake, dirisha la upande wa wangwa likiwa wazi na chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro pande zote. Alikikagua mwenyewe kwa kidole.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, asubuhi, Mwalimu Dotse akiwa ameshika mkono wake na binti yao Sitsofe akimsomea barua kutoka Banjul. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha mume, Mwalimu Kwami Dotse, watoto watatu, Sitsofe, Elikplim na Mawuena, wakwe wawili, akiwamo aliyemponda yule mbu na ambaye familia imemsamehe, wajukuu watano, ndugu zake wanne, Afi, Kodzo, Yawa na Koku, shangazi yake, Bi. Dzatugbi, mwenye miaka tisini na mitatu, aliyeketi hapa mbele. Na wanafunzi ambao wengine wamesafiri siku mbili kuwa nasi.

Familia inaomba radhi kwamba ibada ya leo, Jumamosi, tarehe 15 Aprili, imeanza saa nne badala ya saa tatu kama ilivyotangazwa. Leo ni mkesha wa soko, na wanawake wa matuta walikataa kuja kanisani kabla visima havijakombwa. Togbui alitaka kuwaruhusu waache kukomba mara hii moja. Mwalimu Dotse akamwomba asifanye hivyo.

Mungu ampe Abla usingizi usiohitaji chandarua.

Kaburi lake liko safu ya pili, upande wa wangwa, mkono wa kulia wa mama yake.